TAHADHARI: "Ajenti" wa viza ya masomo Uingereza anayeuza CAS, kuegesha hela na punguzo la ada

Bango ni lilelile, hata namba ya simu ikibadilishwa kila mwezi: picha ya Big Ben, bendera, na maneno "Viza uhakika asilimia 100, bila IELTS (mtihani wa Kiingereza), bila stetimenti, unaondoka na mwenza wako, ukifika unahamia kazi ya kutunza wazee. Lipa nusu sasa, nusu viza ikitoka." Linarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, zaidi miezi inayokaribia Septemba na Januari, vyuo vya Uingereza vinapopokea wanafunzi wapya. Msiwapigie hawa watu. Aliyekwisha kuwapigia asome mpaka mwisho kabla hajatuma shilingi nyingine.

Ahadi mbili kati ya hizo zilishakufa kisheria. Tangu 1 Januari 2024, mwanafunzi anayekwenda kusoma shahada ya kwanza au uzamili wa kawaida wa darasani haruhusiwi kuja na mume, mke wala mtoto. Waliobakiziwa mlango ni wa uzamivu, wa uzamili wa utafiti, na wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi ya zaidi ya miezi 6. Kuacha masomo njiani na kuhamia viza ya kazi kulizuiwa tangu 17 Julai 2023. Nayo kazi ya kutunza wazee ilifungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje ya nchi tarehe 22 Julai 2025. Anayeuza njia hiyo leo anauza tiketi ya basi lililoacha kutembea.

Bidhaa yake kuu, lakini, ni CAS, yaani uthibitisho wa chuo kwamba kimekupokea usome, na hapa ndipo wazazi wengi wanapopigwa. CAS si cheti. Ni rekodi inayofunguliwa na chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi, ndani ya mfumo wa Home Office (wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza), nayo hupewa namba yenye herufi na tarakimu 14. Kinachokufikia wewe ni namba hiyo pamoja na maelezo yake: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, kozi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, ada ya mwaka wa kwanza na kiasi ulichokwisha kulipa. Ukiletewa karatasi nene yenye nembo ya dhahabu, muhuri mwekundu na sahihi ya kuvutia, umeletewa pambo. Afisa wa viza hatazami muhuri. Anaingiza namba kwenye mfumo, na kama haimo, ombi lako limekwisha hapo hapo.

Chuo hakimuuzii mwanafunzi CAS. Chuo ndicho kinachoilipia serikali, na kwa kawaida hakiitoi mpaka uwe umepewa nafasi isiyo na masharti na umetanguliza sehemu ya ada. Kwa hiyo "ada ya CAS", "kuharakisha CAS" na "CAS ya dharura" ni majina matatu ya mfuko mmoja, wa ajenti. Kuna hata wanaouza "CAS iliyobaki" ya mwanafunzi aliyeghairi. CAS imefungwa na pasipoti ya mtu mmoja, hutumika mara moja tu, na lazima itumike ndani ya miezi 6. Ya mtu mwingine haikufai kwa lolote.

Kuhakiki hakuhitaji ajenti wala wakili. Ingia gov.uk, tafuta orodha ya vyuo vyenye leseni ya kudhamini wanafunzi, na ulinganishe jina la chuo neno kwa neno, pamoja na mji. Matapeli wanapenda majina yanayokaribiana na ya vyuo vya kweli, hasa yenye neno "London" ndani yake. Kisha iandikie ofisi ya udahili kwa anwani uliyoitoa mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, usitumie ile iliyoandikwa kwenye barua uliyopewa. Anwani ya baruapepe isome kuanzia nyuma. Ya chuo kikuu cha Uingereza kwa kawaida huishia na .ac.uk, na baada ya hapo hakuna kitu. Ikiwa imeandikwa "ac-uk" kwa kistari halafu ikamalizikia .com au .org, hiyo ni anwani ya .com au .org, na yote yaliyo mbele yake yeyote anaweza kujiandikia.

Ajenti halali wapo, tusiwachanganye. Vyuo vingi vya Uingereza huwalipa mawakala kamisheni kwa kila mwanafunzi anayejisajili, ndiyo maana wakala wa kweli mara nyingi hamtozi mwanafunzi kwa kumwombea nafasi, na jina lake hukutwa kwenye ukurasa wa chuo wa mawakala wa nchi yako. Anayedai ni wakala wa chuo fulani huku chuo chenyewe hakimtaji, muulize chuo. Shahada ya kwanza huombwa kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya Uingereza, kwa ada isiyofika pauni 30. Uzamili mara nyingi huombwa moja kwa moja kwenye tovuti ya chuo. Aliyekutoza shilingi milioni mbili "kufungua faili" hajafungua chochote ambacho usingeweza kukifungua mwenyewe kwa simu yako.

Sasa hela. Kanuni inataka uonyeshe ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza, pamoja na hela ya kujikimu ya miezi isiyozidi 9. Kwa viwango vilivyoanza 11 Novemba 2025, ni pauni 1,529 kwa mwezi ukisoma London na 1,171 ukisoma nje ya London. Kwa miezi 9 hiyo ni pauni 13,761 London na 10,539 kwingineko. Kiasi hicho kinatakiwa kukaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka, na siku ya mwisho ya stetimenti isizidi siku 31 kabla ya siku unayolipia ombi. Makato ya benki yakiishusha salio chini ya kiwango siku ya 12, unaanza kuhesabu upya. Wenye akaunti ya shilingi waache nafasi ya kupumua, kwa sababu hela hubadilishwa kwa kiwango cha OANDA (tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha) cha siku ya ombi. Shilingi ikiyumba wiki hiyo, uliyeweka kiasi kamili unaangukia chini ya mstari.

Ugumu huo ndio umezaa biashara ya "kuegesha hela". Ajenti anakukopesha kwa riba, hela inakaa kwa jina lako siku 28, stetimenti ikitoka anaivuta. Mwenye bei nafuu zaidi hakopeshi hata senti, anaichora stetimenti kwenye kompyuta. Home Office huwasiliana na benki kuhakiki, na hati ya kughushi hulikwamisha ombi hata kama mwombaji hakujua kwamba imeghushiwa. Ikionekana alijua, anaweza kufungiwa hadi miaka 10. Hata yule anayepenya na hela ya kuegeshwa anakutana na tatizo mbele ya safari: awamu ya pili ya ada inafika, akaunti haina kitu, chuo kinamsimamisha masomo na kuiarifu Home Office, na viza inafupishwa, mara nyingi kuwa siku 60 tu.

Hapo hapo kuna kosa linalofanywa kwa nia njema, na ajenti hulichekelea: akaunti ya mjomba. Akaunti inayokubalika ni ya mwanafunzi mwenyewe, au ya mzazi au mlezi wa kisheria, ikiambatana na cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa. Ya mjomba, ya shangazi au ya kaka aliye Muscat haikubaliki, hata ikiwa na mabilioni. Kama mjomba anasomesha kweli, ahamishie hela kwenye akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi mapema, na siku 28 zihesabiwe kuanzia hapo.

Cheti cha kifua kikuu nacho kinauzwa mitaani. Mkenya au Mtanzania anayekaa nyumbani na kwenda kusoma zaidi ya miezi 6 anakihitaji, ila kinatoka tu kwenye kliniki zilizotajwa kwenye gov.uk. Cha hospitali nyingine, hata ya rufaa, hakihesabiwi. Kuhusu "bila IELTS": inawezekana, kwa sababu chuo kikuu kinaweza kukupima Kiingereza chenyewe kwa kozi ya shahada. Chuo lakini, si ajenti. Cheti cha IELTS kilichonunuliwa hugundulika mara tu matokeo yanapohakikiwa mtandaoni.

Mtego unaozungumziwa kidogo kuliko yote ni nani anashika ombi lenyewe. Ajenti hujaza fomu kwa baruapepe yake, namba yake ya simu na kadi yake ya benki, akikuambia "usijisumbue". Siku hizi viza ni ya kielektroniki, na unaifungua kwa akaunti ya UKVI (idara ya viza ya Home Office) inayotuma msimbo kwenye simu au baruapepe iliyosajiliwa. Ikiwa ni yake, viza yako iko mfukoni mwake, na bei ya kukupa msimbo ataipanga yeye. Kadi nayo ina siri. Mbali na ada ya viza, ambayo kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 524, unalipa mchango wa afya wa pauni 776 kwa mwaka. Kwa uzamili wa mwaka mmoja jumla yake ni 1,164, kwa kuwa viza huongezewa miezi kadhaa baada ya kozi. Ombi likikataliwa, ada ya viza hairudi, bali mchango wa afya hurudishwa wenyewe kwenye kadi iliyolipa. Ajenti anakuonyesha barua ya kukataliwa, anakupa pole, halafu anapokea hela yako wewe usijue. Tumia baruapepe yako, simu yako, na kadi ya mtu unayemwamini. Ombi hulipiwa ndani ya fomu ya gov.uk, hakuna ada ya ubalozi inayotumwa kwa M-Pesa kwenda kwa jina la mtu.

Ukifika salama, bado wanakufuata. "Punguzo la ada" huja hivi: mtu anajitolea kukulipia ada ya pauni 6,000, wewe umpe 5,000. Unafungua akaunti yako ya chuo, unakuta deni limefutika, unafurahi, unamtumia. Alilipa kwa kadi ya wizi. Wiki chache baadaye mwenye kadi analalamika benki, malipo yanarudishwa, deni linarudi kwako zima, na chuo sasa kinataka kujua ulihusikaje. Lipa kupitia kiungo kilicho ndani ya akaunti yako ya chuo, iwe ni kwa kampuni ya malipo kama Flywire au Convera, au kwa kadi, basi.

Wa pili anakukodishia akaunti yake ya kupeleka chakula kwa baiskeli. Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki, Jumatatu hadi Jumapili, wakati wa muhula, na haruhusiwi kabisa kujiajiri; kazi hiyo ya chakula kwa kawaida huhesabiwa kujiajiri hata ukiifanya saa mbili. Wa tatu anapiga simu akijiita Home Office, analijua jina lako na chuo chako, namba inaonekana ya serikali, na anataka "faini" kwa kadi za zawadi. Kata simu, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chako.

Kama hela imeshatoka: usitume nyingine "kukomboa" ya kwanza. Benki iambie leo, si wiki ijayo. Kwa M-Pesa ya Kenya tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urudishwe. Kiandikie chuo kieleze ni hati zipi zilitumwa kwa jina lako. Ikiwa ombi limeingia na hati usiyoiamini na uamuzi bado, liondoe kabla halijaamuliwa. Ikiwa limekataliwa ukiwa nje ya Uingereza, una siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya, na barua iombe uione nzima, siyo ukurasa aliokuchagulia ajenti. Namba ya tapeli ripoti 15040 ukiwa Tanzania, 333 ukiwa Kenya kwa Safaricom, na aliyeko Uingereza apige 0300 123 2040. Chati usizifute kwa hasira. Jina lililotokea kwenye muamala ni la laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu, na polisi wataanzia hapo.