Celeste: gemu ngumu isiyochosha

Kinachonichosha kwenye gemu za siku hizi ni muda unaopotea baina ya kukosea na kujaribu tena: skrini ya kupakia, maongezi usiyoweza kuyaruka, safari ya kurudi pale ulipofia. Celeste, iliyotoka Januari 2018, imeufuta muda huo karibu wote, ndiyo maana naipa alama za juu ingawa ni ngumu kwelikweli.

Unamwongoza Madeline kupanda mlima. Anaruka, anashika ukuta, na anachomoka hewani mara moja kuelekea upande wowote kati ya 8. Akitua, uwezo wa kuchomoka unarudi; akigusa kito cha kijani hewani, unarudi pia. Miiba ikimuua, anaibuka mwanzoni mwa chumba kilekile ndani ya sekunde moja hivi. Hasira haipati nafasi, kidole kimeshabonyeza tena.

Utamu wenyewe umejificha. Ukichelewa kubonyeza kuruka baada ya mguu kuacha ukingo, gemu inakuvumilia kama sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiwahi kabla ya kutua, inakumbuka na kukurusha mara ugusapo chini. Kichwa kikigonga kona kwa pikseli chache, inakusogeza upite. Shikilia kitufe cha kuruka ukiwa kileleni mwa mruko, mvuto unapungua nusu, unapata wasaa wa kulenga. Ukifa hapo, kosa ni lako, na unalijua.

Kwa kompyuta, RAM ya GB 2 na nafasi ya GB 1.2 zinatosha, laptop ya zamani inaimudu. Balaa ni kibodi. C ni kuruka, X kuchomoka, Z kushika. Kibodi nyingi za bei rahisi hazisomi vitufe vinne kwa pamoja, kwa hiyo ukibonyeza juu, kulia na X huku umeshikilia Z, kimoja kinapotea na Madeline anapaa wima badala ya mshazari. Badilisha vitufe kwenye mipangilio, au tumia padi (kidhibiti cha gemu cha kushika mikononi). Kwenye padi napendelea vitufe vya mishale kuliko kijiti, maana kijiti huteleza pembe.

Stroberi 175 zilizotapakaa hazikuongezei nguvu, ziache ukitaka. Gemu imegawanywa kwa sura, na kinachokera ni sura ya 8: haifunguki mpaka uwe umeokota mioyo 4 ya kioo kwenye sura nyingine, na baadhi imefichwa kwa mafumbo yasiyohusiana kabisa na kuruka. Aliyekuja kuruka anageuzwa mpapasa kuta. Njia nyingine ya kupata mioyo ni kusaka kaseti zilizofichwa; kila moja inafungua upande B, yaani toleo jingine la sura yake, gumu zaidi, na ukiumaliza unapewa moyo.

Ukikwama, washa hali ya msaada, mipangilio ya kupunguza ugumu. Anza kwa kushusha kasi ya gemu hadi asilimia 90 au 80 (inashuka mpaka 50) kabla ya kugusa kutokufa, kwa sababu kasi ndogo bado inakuachia fumbo la chumba ulitatue mwenyewe.