Miezi Minane na Kanuni Zetu za Majeraha ya Vitani: Uzoefu Wangu

Kundi letu la watu watano hukutana kila Jumamosi jioni katika sebule ya nyumba moja ya Isevya, hapa mjini Tabora, kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mchezaji humwongoza mhusika mmoja, naye mwongozaji husimulia dunia na kuwachezesha maadui. Tunatumia toleo la tano, la mwaka 2014. Ninachokitathmini hapa si mchezo wenyewe, bali kurasa nne za kanuni za nyumbani kuhusu majeraha ya vitani, ambazo mwongozaji wetu aliziandaa na mimi nikazitolea nakala steshenari. Nimezitumia kwa miezi minane nikiwa mpiganaji wa mbele, yaani mtu ambaye kanuni hizi humfikia kwanza.

Katika kanuni za kawaida, afya ya mhusika huhesabiwa kwa pointi za uhai, na pointi hizo hazisemi lolote kuhusu mwili. Mpiganaji mwenye pointi 40 aliyebakiwa na moja hupiga na hukimbia sawasawa na alivyokuwa asubuhi, kisha akipumzika saa nane pointi zote hurudi. Zikifika sifuri huanguka, na kila zamu yake hurusha dadu ya pande ishirini: 10 au zaidi ni nafuu, chini ya hapo ni hatua ya kuelekea kaburini; nafuu tatu humtuliza, hatua tatu humuua. Lakini kwetu hakuna aliyewahi kufika huko. Mganga wetu, yaani mhusika mwenye uganga wa kuponya, alitamka neno moja akiwa umbali wa futi 60, mtu akainuka na pointi tano, akapigwa tena, akaanguka tena, akainuliwa tena. Katika pambano moja mhusika wangu alianguka mara tatu, na hakuna mtu mezani aliyeacha kutafuna karanga.

Jambo hilo lilituudhi zaidi kwa sababu mwongozaji ameuhamishia mchezo nyumbani: tunasafiri na msafara kutoka Unyanyembe kwenda Ujiji mwaka 1871, wakati Mirambo alipoifunga njia hiyo, na maadui wetu wakubwa ni rugaruga, wapiganaji wake, wenye mishale na magobori. Mtu anayeinuka mara tatu baada ya kupigwa risasi huiharibu hadithi ya namna hiyo.

Tulianza na jedwali la hiari lililomo katika kitabu rasmi cha mwongozaji wa mchezo. Jeraha hutokea mhusika anapopatwa na pigo kuu, yaani adui anapopata 20 kwenye dadu, au anapoangushwa hadi sifuri bila kufa, au anapokosa nafuu kwa tofauti ya tano au zaidi. Kisha hurushwa dadu: 1 ni kupoteza jicho, 2 mkono, 3 mguu, halafu hufuata kuchechemea, majeraha ya ndani, mbavu zilizovunjika, kovu baya, kidonda kinachooza, na kuanzia 17 ni kovu dogo lisilo na madhara. Wakati huo hatukuwa na dadu ya pande ishirini, kwa hiyo tulichota vikaratasi kutoka kopo la asali lililokwisha. Kwa wiki mbili tulidhani adui zetu wamepatwa na huruma, hadi tulipogundua kwamba kikaratasi cha 20 kilikuwa kimenata chini ya kopo. Kilipobanduliwa, kanuni ilionyesha makali yake.

Hesabu yake ni hii. Kila shambulio lina nafasi moja kati ya ishirini ya kuwa pigo kuu. Mpiganaji wa mbele anayeshambuliwa mara 12 katika pambano moja ana uwezekano wa karibu asilimia 46 wa kupatwa na angalau moja. Rugaruga akipoteza mkono si kitu, kwa maana haishi zaidi ya pambano hilo, lakini mhusika wa mchezaji hubeba kilema chake safari nzima. Kwa hiyo kanuni inayoonekana ya haki kwa pande zote humwadhibu mchezaji peke yake, na miongoni mwa wachezaji humwadhibu zaidi yule anayewakinga wenzake.

Marekebisho yaliyoiokoa yalitoka kwa mwongozaji mwenyewe, nami nayahesabu kuwa sehemu bora ya kurasa hizo nne. Pigo kuu halileti jeraha tena. Jeraha huja pale tu pointi zinapofika sifuri, na hapo mchezaji huchagua: ama aanguke kama kawaida bila jeraha, ama abaki amesimama na pointi moja na akubali kuchota kwenye jedwali. Mara ya kwanza nilipochagua kusimama, mganga wetu alikuwa amezingirwa nyuma yangu, na nilipochota 3 sebule nzima ilinyamaza. Mguu ulikwenda kwa hiari yangu, na tangu siku ile sijamsikia yeyote akilalamika kwamba kanuni imemwonea.

Hapo ndipo machela ilipoingia. Kwa kanuni yetu, asiyeweza kutembea hubebwa na wapagazi wanne, wawili wakibeba na wawili wakipokezana, na kila mpagazi anayehamishiwa machela huacha mzigo wake wa kama kilo 30. Tuliacha porini majora ya vitambaa na nyaya za shaba, mali ileile tuliyoitegemea kulipia hongo kwa watemi wa njiani. Jeraha la dakika moja likawa mazungumzo ya Jumamosi tatu. Mtani wangu, Mzaramo aliyehamia Tabora kikazi, hakuniacha: «Mnyamwezi asiyeweza kutembea! Sasa mzigo atabeba nani?»

Kuhusu uponyaji, jedwali rasmi lina udhaifu mkubwa: uganga wowote, hata ule mdogo kabisa, huondoa kuchechemea, mbavu zilizovunjika na kidonda kinachooza. Tuliamua kwamba uganga hurudisha pointi tu. Mwenzetu mmoja ni tabibu kazini, naye alicheka aliposoma kwamba mbavu hupona kwa siku kumi za mapumziko. «Kaka, hizo ni wiki sita,» alimwambia mwongozaji. Tulikubaliana kwamba baada ya siku kumi mhusika hupigana bila adhabu, lakini habebi mzigo hadi wiki sita ziishe.

Hata hivyo, tulijitia kitanzi wenyewe. Kidonda kinachooza hupunguza kikomo cha pointi za uhai kwa moja kila siku, na bila uganga huhitaji matunzo kumi yaliyofanikiwa, moja kwa siku, kila moja likidai jumla ya 15 au zaidi ukijumlisha dadu ya pande ishirini na nyongeza ya ujuzi wa mtunzaji. Mtunzaji mwenye nyongeza ya tatu hufanikiwa kwa asilimia 45, yaani huhitaji siku 22 kwa wastani, ilhali mhusika mwenye pointi 12 hufa siku ya kumi na mbili. Tulipofuta uganga tulikuwa tumeandika hukumu ya kifo bila kujua. Sasa matunzo matatu yanatosha, karibu siku saba kwa wastani, na hofu bado ipo.

Yapo ambayo hayajakaa sawa. Mchezaji wa mganga anasema, na sina jibu la kumpa, kwamba tumempokonya nusu ya kazi yake. Kwa atakayetaka kuzijaribu kanuni hizi, ninashauri zisomwe mbele ya wote kabla ya kikao cha kwanza, kwa sababu sisi tulizibadilisha tukiwa katikati ya safari. Mtani wangu alipoteza jicho kwa kanuni ya zamani, kwa pigo kuu ambalo leo lisingemletea jeraha lolote. Kulirudisha kunahitaji uganga wa daraja la saba, na mganga wetu yuko la pili. Ameomba arudishiwe jicho, mwongozaji amekataa, nasi wengine tumegawanyika. Kwa sasa kila mshale wake hurushiwa dadu mbili na kuhesabiwa ile iliyo ndogo, na kila anapokosa hunigeukia na kuniuliza iwapo machela ina nafasi ya wawili.