Paka dume aliyeziba mkojo: tathmini ya kliniki moja ya wanyama Dar es Salaam

Kliniki ninayoizungumzia iko Dar es Salaam na hutibu wanyama wanaofugwa nyumbani. Sitaitaja jina kwa sababu sehemu ya maelezo yangu ni lawama. Nimekuwa mteja wao kwa miaka minne kwa mambo ya kawaida, yaani chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, na utitiri wa masikioni uliomfanya paka wangu Karafuu ajikune hadi akatoka damu, na katika hayo yote sikuwa na la kulalamikia. Kilichonifanya niandike ni Jumapili moja ya mwezi Machi.

Asubuhi hiyo Karafuu, dume wa miaka mitano aliyehasiwa, aliingia kwenye sanduku lake la mchanga mara saba au nane ndani ya saa moja. Alichuchumaa, akajikamua, akatoka, akajilamba chini ya mkia, kisha akarudi. Nilipouchambua mchanga kwa kijiko nilikuta doa moja tu la unyevu, dogo kama sarafu, lenye wekundu hafifu. Nilipiga simu kliniki. Mhudumu wa mapokezi aliniuliza kama paka amepata choo kikubwa, nikamjibu kuwa sijaona, naye akaamua kuwa amefunga choo, hivyo nimpe kijiko cha mafuta ya kula na nimlete kesho yake saa nne.

Hilo ndilo kosa kubwa la kliniki hii. Paka dume anayejikamua bila kutoa mkojo hangojewi hadi kesho, kwa kuwa mrija wake wa mkojo huwa mwembamba sana karibu na mwisho na huzibwa kwa urahisi na fuwele au ute, jambo ambalo kwa majike hutokea kwa nadra. Mkojo ukizuiwa, figo hushindwa kuondoa potasiamu, na potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Paka anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Mhudumu hakuniuliza hata kama paka wangu ni dume au jike.

Aliyeniokoa ni mama yangu, ambaye amefuga paka tangu ujana wake Pangani. "Mwanangu, huyu hakufunga choo, kafunga mkojo. Mchukue umpeleke sasa hivi." Nilimtia Karafuu kikapuni, nikapanda bajaji na kwenda bila miadi.

Kuanzia mlango wa chumba cha daktari, sina ila sifa. Daktari wa zamu alimpapasa tumbo kwa utulivu, kisha akaniongoza vidole nami niguse: kibofu kilikuwa kigumu na cha mviringo kama chungwa. Kabla ya kushika sindano aliuliza kama tumempa parasetamoli. Hatukuwa tumempa, ingawa nakiri kuwa kidonge kilikuwa tayari mezani nyumbani. Alinieleza kwamba ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja dawa hiyo, na kwamba kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua. Damu ilichukuliwa, potasiamu ikaonekana imepanda, akatundikiwa dripu, akapewa nusukaputi na kuwekewa katheta, yaani mrija mwembamba wa kutolea mkojo. Mkojo uliotoka ulikuwa na rangi ya juisi ya rozela. Baadaye daktari alinionyesha kwenye darubini fuwele za struvaiti, zenye kung'aa kama vipande vya kioo, akanieleza kuwa hutokana na magnesiamu na fosfeti, hasa mkojo unapokuwa mzito kwa sababu paka hanywi maji ya kutosha.

Karafuu alilazwa siku tatu, na hapo nina dosari ya pili. Vizimba vya paka vimetazamana na vya mbwa, na siku ya kwanza mgonjwa wangu hakugusa chakula, akajikunyata pembeni huku masikio yameshuka. Kwa ugonjwa ambao wasiwasi wenyewe ni mojawapo ya vichochezi vyake, pazia tu lingesaidia. Na nikiwa bado kwenye lawama, rafu ya mapokezi imepanga dawa za viroboto za mbwa na za paka pamoja. Baadhi ya zile za mbwa zina permethrini, ambayo kwa paka ni sumu, na mteja mwenye haraka hasomi maandishi madogo.

Hesabu yote ilifika shilingi 310,000. Si kidogo, lakini risiti ilichambua kila kipimo na kila chupa ya dripu, na niliambiwa makadirio kabla ya kazi kuanza.

Maelekezo ya nyumbani yaliandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili kinachoeleweka: punguza chakula kikavu, ongeza chakula chenye maji, weka bakuli za maji sehemu kadhaa mbali na chakula, na ukiona anajikamua tena, njoo, kwa maana waliowahi kuziba mara nyingi huziba tena. Sasa Karafuu hula chakula cha mkebe kilicholainishwa kwa maji ya uvuguvugu. Tuliporudi kupima mkojo baada ya majuma mawili, fuwele hazikuonekana, na daktari yule yule alilikumbuka jina lake. Nitaendelea kumpeleka huko, ila nikiwa na dharura sitapiga simu kwanza.