Gari dogo lenye tabo: fungua kifuniko cha kulanti kabla ya kuuliza bei

Gari la kwanza nililomiliki lenye tabo, yaani kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu, nililinunua kwa macho. Lilikuwa katika yadi moja hapa Mombasa ambayo sitaitaja, na gari lenyewe pia nitalisitiri jina. Lilikuwa limeoshwa, matairi yamepakwa dawa yakang'aa, na ndani linanukia kama duka la manukato. Nilikagua viti, nikawasha redio, nikazungushwa mtaa mmoja na kijana wa mauzo huku kiyoyozi kikipuliza baridi ya kupendeza, nikalipa. Wiki ya tatu, nikiwa kwenye foleni ya Daraja la Nyali saa nane mchana, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu, na safari nikaimalizia nikiwa nimevutwa kwa kamba. Fundi aliisubiri injini ipoe, akafungua kifuniko cha tangi la kulanti (maji maalumu yenye dawa ya kupozea injini), akachovya kidole na kukiacha kikauke juani, kisha akanionyesha utando mweupe uliobaki juu ya ngozi. "Dada," akasema, "hii si kulanti. Haya ni maji ya kisima."

Kwa hiyo katika mwongozo huu wa kununua gari dogo la tabo lililotumika sitazungumzia rangi, kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi, wala unywaji wa mafuta, kwa sababu hayo muuzaji atakusomea bila kuombwa. Hata habari ya oili, kwamba injini ya tabo inataka oili ya kiwango kilichotajwa na kiwanda na ibadilishwe mapema, imekwisha kusemwa vya kutosha. Linalopuuzwa ni maji. Tabo ni kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na ekseli yake hupozwa na oili pamoja na, katika magari mengi ya kisasa, kulanti. Injini ya lita 1.0 au 1.2 inayobebeshwa kazi ya injini ya lita 1.6 hutoa joto jingi katika nafasi finyu, na maji ya visima vya Pwani, ambayo mengi yana chumvi, hayawezi kazi hiyo: hula aluminiamu, hujenga magamba katika njia nyembamba za rejeta, na huiacha sili ya pampu bila ile dawa ya kuzuia kutu iliyomo ndani ya kulanti halisi. Mimi nililipa shilingi 28,000 za pampu ya maji na themostati (vali inayodhibiti joto la kulanti), na kabla sijamaliza kulalamika nikalipa 46,000 nyingine kwa gasketi ya hedi, yaani ya sehemu ya juu inayofunika silinda, na kuipeleka hedi ikachongwe, kwa maana ilikuwa imepinda.

Sifichi kwamba mimi ni mshabiki wa Suzuki, na katika kuyapanga magari haya nafasi ya kwanza ninaipa Swift RSt ya injini ya lita 1.0 iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017. Gari hili lina uzito wa chini ya tani moja, halina mkanda wa taiming (unaolinganisha mwendo wa vali na pistoni) bali cheni, na giaboksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia sita ambayo fundi yeyote mwenye uzoefu anaifahamu. Kule Japani hutumia petroli ya kawaida, wakati magari mengi ya Ulaya yanayouzwa huko hudai petroli ya daraja la juu, tofauti utakayoihisi kila unapoingia kituo cha mafuta. Bodi na sehemu nyingi za chini zinafanana na za Swift isiyo na tabo, ambazo spea zake zimejaa madukani, ijapokuwa spea za injini yenyewe utalazimika kuagiza. Kasoro yake ni ile ya injini nyingi zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda: masizi hujikusanya juu ya vali za kuingizia hewa, na baada ya miaka kadhaa ni lazima yaondolewe kwa mkono.

Nafasi ya pili ni Toyota za lita 1.2, yaani Auris ya kuanzia 2015 na C-HR. Ni injini nzuri, lakini sehemu ya bei ni ya jina. Auris ya enzi hiyo imekwisha kupita umri wa kuagizwa, kwa kuwa Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8, na hivyo utakayoipata imekwisha kuonja mafundi na maji ya hapa.

Volkswagen Golf ya kizazi cha 7 ndiyo inayonipa shida ya kupanga, kwa kuwa ukiiendesha utaipenda. Injini zake za 1.2 na 1.4 ziliachana na cheni iliyosumbua kizazi cha 6 na kurudi kwenye mkanda. Hata hivyo pampu ya maji na themostati vimewekwa pamoja katika nyumba ya plastiki, upande wa giaboksi, mahali ambapo jicho halifiki bila tochi, na uvujaji hapo ni ugonjwa unaojulikana. Mulika taratibu, ukiona ukoko wa rangi ya waridi kwenye maungio, hayo ni mabaki ya kulanti iliyovuja ikakauka. Kisha kuna giaboksi ya DSG, otomatiki ya Volkswagen ya klachi mbili, ya gia saba yenye klachi kavu. Novemba 2013 Volkswagen ilitangaza kuyaita magari takriban milioni 1.6 duniani ili oili ya sintetiki ya giaboksi hiyo ibadilishwe, kwa kuwa iliweza kuleta hitilafu ya umeme hasa katika hali ya hewa ya joto na unyevu, na sisi tunaoishi Mombasa hatuna hali nyingine ya hewa. Muulize muuzaji risiti ya kazi hiyo kama gari ni la wakati huo, nawe utazame uso wake.

Mazda Demio ya dizeli ya lita 1.5 ni ya msafiri wa Nairobi, si ya mtu anayetoka Mtwapa kwenda sokoni na kurudi, kwa sababu kichujio chake cha masizi kinahitaji mwendo mrefu ili kijisafishe. Polo na Golf za zamani zenye cheni ziwekeni mwisho: cheni hurefuka, nayo hujulisha kwa mlio wa kugongana wa sekunde chache injini inapowashwa asubuhi. Vigari vya Japani vya cc 660 vyenye tabo ni rahisi na vinafaa mjini. Sina zaidi ya hayo.

Dalili zote hizi husomeka injini ikiwa baridi, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Watu hawa, ambao hutangaza gari kwa picha ishirini na bei wakaificha, na ambao karatasi ya mnada wa Japani, ile inayoeleza hali ya gari, kwao hupotea kila mara kana kwamba ni tiketi ya basi, huamka mapema kuwasha injini kabla mnunuzi hajafika. Mwezi uliopita nilikubaliana na mmoja wao kwa simu kwamba gari lisiwashwe mpaka nifike. Nilifika saa moja na nusu asubuhi, nikamwamkia, na kabla hajanyoosha mkono kunipa ufunguo nikaweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.