Skrini ya nyumba janja: upange kwa vyumba au kwa aina ya vifaa?

Ukitengeneza skrini ya simu ya kuendesha taa, feni na kufuli za nyumba, uamuzi wa kwanza si rangi wala aikoni. Ni huu: vitufe uvipange kwa vyumba, au kwa aina ya vifaa?

Mpango wa vyumba humfuata mtu alipo. Uko jikoni, unagusa "Jikoni", unakuta taa na feni pamoja. Vitufe ni vichache, kwa hiyo vinaweza kuwa vikubwa. Apple inashauri visipungue pointi 44 kwa 44, na Google dp 48 kwa 48 kwenye Android (pointi na dp ni vipimo vya ukubwa wa vitu kwenye skrini). Hata mgeni ataelewa, mradi hukuziita taa "Taa 1" na "Taa 2".

Shida huja usiku. Umeshalala, simu mkono mmoja, unataka kujua kama milango yote imefungwa. Kwa vyumba, utafungua kurasa moja baada ya nyingine. Kwa aina, unagusa "Kufuli" na hali ya kila mlango unaiona hapo hapo. Ila ukurasa wa taa nao hurefuka, na kidole kinachosogeza orodha huweza kumzimia mtu taa chumba cha pili.

Mimi ningeanza na vyumba, kisha "Kufuli" na "Zima zote" ningeviweka chini ya skrini, kidole gumba kinapofika. Kitelezi cha mwangaza, kile unachokiburuta kuongeza au kupunguza mwanga wa taa, kikae mbali na ukingo, maana kwenye simu nyingi kutelezesha kidole kutoka ukingoni ni amri ya kurudi nyuma. Na mlango usifunguke kwa mguso mmoja. Mtu abonyeze na kushikilia.