Koili ya Tesla niliyouziwa: yote haya kwa nusu duru ya bomba

Bado nina hasira, mnivumilie. Kama mwezi hivi umepita nilinunua koili ya Tesla (kifaa cha kutoa cheche ndefu za umeme hewani) ya kuunganisha mwenyewe, kwenye duka moja hapa mjini, kwa ajili ya klabu ya sayansi shuleni ninakofundisha. Hela ya mchango, wazazi wamejikamua. Siku ya kuiwasha watoto wamejipanga ukutani kimya, cheche ikatoka urefu wa kiganja. Kiganja!

Nikapiga simu dukani. Jamaa hata salamu hakuitikia: "Bosi, sisi tunauza, hatufundishi. Masafa yanalingana, tumepima." Akakata. Masafa ni idadi ya mitetemo ya umeme kwa sekunde, na kifaa hiki kina koili mbili ambazo masafa yake lazima yalingane.

Basi nikapima mwenyewe. Umeme mkubwa nimezima, nikaingiza ishara ndogo kwenye mwisho wa chini wa koili ya pili (ule mnara wa waya mwembamba unaotoa cheche), oskiloskopu ya kuazima, ile mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, nikaiweka mbali kidogo na kipande cha waya kama antena. Koili ya pili kilohezi 210, ya kwanza (duru za bomba la shaba zinazoisukumia ya pili umeme) 210. Hapo kweli hakunidanganya. Lakini amepima koili isiyotoa cheche! Cheche ikishatoka inakuwa sehemu ya koili: inaongeza pikofaradi kadhaa (kipimo cha uwezo wa kubeba chaji) pale juu, inakula nishati, na masafa yanashuka. Nikaning'iniza waya mwembamba wa nusu mita kwenye duara la chuma la juu ya koili ya pili uwe badala ya cheche. Nikasoma 195. Yaani cheche ikianza tu kurefuka, koili mbili zinaachana, na cheche inajikaba yenyewe.

Dawa yake ni kuishusha koili ya kwanza mapema, iwe chini kidogo, cheche iikute huko. Kwa hesabu yangu ilitaka duru saba na nusu. Bomba lao la shaba limekatwa palepale kwenye duru ya saba, hawakuacha hata inchi ya kusogeza kibanio cha waya unaoingiza umeme. Nusu duru tu! Ni bomba la bei gani hilo?

Fundi wa mafriji wa jirani alinipa kipande, akanichomelea bure. Jioni ile cheche ikaenda sentimita 45. Binti mmoja wa kidato cha pili akapiga kelele, "Mwalimu, imefika kwenye msumari!" Ule msumari wa waya wa ardhi tuliokuwa tunautazama wiki nzima bila kuguswa.

Nilikuwa nimeshaandika "msinunue". Nimefuta, kwa sababu koili ya pili imesukwa kwa mkono wa mtu anayejua kazi, waya umelala safi kutoka chini hadi juu, hakuna uzi uliopanda mwenzake. Nikaweka nyota tatu. Kisha nikaikumbuka ile simu, na nyuso za wale watoto siku ya kwanza. Nimeondoa moja, zimebaki mbili.

Ukiwa na fundi wa kukuchomelea, nunua. Ukiwa huna, subiri mpaka waongeze hiyo nusu duru.