Kipande cha Kamba Shingoni mwa Farasi

Nakala hii ya mchoro wa njozi, iliyochapishwa kwenye turubai, nimekaa nayo ukutani kwa miezi kadhaa, na bado kitu cha kwanza ninachokitazama ni masikio. Farasi mweupe amesimama katika maji yanayomfika magotini, mwezi ukiwa nyuma yake na singa za shingoni zikigeuka ukungu kadiri zinavyoshuka. Sikio moja limeelekea kwetu, lingine limegeuzwa nyuma kufuata sauti fulani gizani. Hofu ya picha nzima imo katika sikio hilo, wala haimo katika mawingu ambayo mchoraji ameyarundika kupita kiasi.

Shingoni kunaning'inia kipande cha kamba iliyokatika, kifupi kama kidole, ambacho mimi mwenyewe sikukiona wiki ya kwanza. Bila hicho, huyu angekuwa farasi wa uhuru tuliyemzoea mno. Nacho, anakuwa mtoro ambaye bado amevaa alama ya aliyemfunga. Weupe wake nao hautulizi moyo. Katika sura ya 6 ya Ufunuo, mpanda farasi mweupe anatoka akishinda, ilhali yule wa farasi wa kijivujivu anaitwa Mauti, na hapa rangi zote mbili zimo katika mwili mmoja: mgongo wa maziwa, tumbo la majivu.

Henry Fuseli, katika mchoro wake wa jinamizi wa mwaka 1781, alimchomoza farasi kati ya mapazia akiwa na macho meupe yasiyo na mboni, akatutisha waziwazi. Franz Marc, mwaka 1911, alimpaka wake rangi ya bluu, ambayo kwake ilikuwa rangi ya kiroho, akamwinamisha kichwa kwa utulivu. Mchoraji wetu amesimama katikati yao, na angefaulu zaidi kama asingenyunyiza vumbi la dhahabu mgongoni. Pambo hilo halisemi lolote.

Uchapishaji ni wa wastani. Turubai imevutwa sawasawa kwenye fremu, lakini weusi umekolea hata miti ya ng'ambo ya maji, iliyoonekana vizuri kwenye skrini nilipoagiza, imepotea. Ikitundikwa pasipo mwanga wa kutosha, kamba nayo hupotea. Mimi nimeihamishia karibu na dirisha.